Mtoto wa Mbwa na Meno Yake

Wakulima wa nchi ya Uha, tangu Kasulu hata Kibondo, wanajua thamani ya mbwa. Mahindi yakianza kutia punje, nyani na ngedere huingia shambani mchana, na usiku hufuata nguruwe wa mwitu na nungunungu. Mtu hawezi kulima mchana kutwa na kukesha usiku kucha. Mbwa aliyefunzwa vema humsaidia mwenyewe kwa kazi zote mbili. Hubweka adui angali mbali, huwapa moyo watoto wanaolinda shamba, na nyumbani hulinda mbuzi, kuku na ghala.

Lakini mbwa haanzi maisha yake akiwa mlinzi. Huanza akiwa mtoto, na mtoto wa mbwa hutafuna kila akipatacho: mpini wa jembe, kamba ya mbuzi, kiatu, mkeka, nguo iliyoanikwa, na ngozi iliyowambwa uani. Wakulima wengine huona tabia hii kuwa ni uovu, wakampiga mbwa au wakamfukuza. Wengine huiona kuwa si kitu kabisa, hata wasitambue siku ambayo kutafuna kumekuwa dalili ya ugonjwa wa kuua. Makosa hayo mawili yote huleta hasara, na yote mawili yaweza kuepukwa na mtu yeyote asiye na fedha nyingi, akiwa na saburi na akijua sababu ya mambo.

JINSI HASARA IINGIAVYO

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mkulima hupata mtoto wa mbwa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, maana wakati huo ana nafasi na chakula kipo. Mtoto hupendwa na watu wote wa nyumbani. Baada ya miezi miwili huanza kuharibu. Leo ameguguna ukingo wa ngozi ya mbuzi, na ngozi yenye tundu haipati bei ya ngozi nzima. Kesho amekata kamba, na mbuzi ameingia katika bustani ya jirani. Mwenyewe hukasirika, humpiga, na mbwa hujificha. Lakini usiku huguguna tena. Mwisho hufukuzwa. Huzurura njiani na sokoni, hula takataka, hana chanjo wala bwana. Halafu mvua hunyesha, mahindi hukua, nyani hurudi, na mkulima hana mbwa.

Basi, yafaa tuhesabu miezi. Tuseme umemchukua mtoto wa mbwa mwezi wa Juni, naye ana umri wa majuma 8. Atabadili meno yake tangu Agosti hata Novemba, na katika miezi hiyo ndipo ataguguna kupita kiasi. Mwezi wa Januari, mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza yanapotia punje, atakuwa na miezi 9, meno yake yote yamekwisha ota, na akili ya kazi inaanza kumwingia. Maana yake ni hii: mkulima amfukuzaye mbwa mwezi wa Septemba kwa sababu ya kutafuna, amemlisha wakati wa hasara na kumwacha kabla ya wakati wa faida.

KWA NINI HUTAFUNA

Mbwa hana mikono. Mtoto wa binadamu akitaka kujua kitu hukishika. Mtoto wa mbwa hukitia kinywani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, nayo si kosa.

Sababu ya pili ni meno. Mtoto wa mbwa huanza kuota meno ya utotoni apatapo majuma 3 hivi, na akikamilika huwa na meno 28, madogo na makali kama miiba. Karibu na mwezi wa 4 meno hayo huanza kung'oka, kwanza ya mbele, kisha chonge na magego. Atimizapo miezi 6 au 7 huwa amepata meno ya ukubwani, nayo ni 42. Katika muda huo fizi huvimba na kuuma, na kutafuna humpa nafuu. Ukiona jino dogo chini, au damu kidogo kwenye kitu alichokuwa akiguguna, usishtuke. Ni meno yanabadilika. Hata baada ya hapo yafaa kumvumilia, kwa kuwa mbwa wengi huendelea kuguguna hata watimize mwaka au zaidi.

Sababu ya tatu ni njaa. Mtoto wa mbwa hukua upesi, na hawezi kutosheka na ukoko wa ugali mara moja kwa siku. Ngozi, ukanda wa kiatu, na kikapu kilichotiwa samaki, vyote vina harufu ya chakula. Mtoto aliyeachishwa ziwa apewe chakula mara 3 au 4 kila siku hata atimize miezi 4, kisha mara 3 hata miezi 6, na baadaye mara 2. Uji mzito au ugali uliochanganywa na dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, bila chumvi nyingi wala pilipili, ni chakula chema. Maji safi yasikosekane.

Sababu ya nne ni minyoo. Mtoto mwenye tumbo kubwa, mbavu za kuonekana na manyoya makavu, naye hula udongo na takataka, yamkini ana minyoo. Apewe dawa tangu umri wa majuma 2, kila baada ya majuma 2 hata majuma 8, kisha kila mwezi hata miezi 6, kwa kipimo atakachoonyesha Bwana Mifugo. Tena minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wachezao uani, kwa hiyo dawa hiyo huwalinda wote.

Sababu ya tano ni upweke na kukosa kazi. Mbwa aliyefungwa kwa kamba fupi tangu asubuhi hata jioni hana la kufanya ila kuitafuna hiyo kamba. Akiisha kuikata, hutafuna kilicho karibu.

KWANZA ITENGENEZE NYUMBA

Dawa ya kwanza haiko kwa mbwa, bali iko ukutani. Piga vigingi katika ukuta, juu kuliko mbwa awezavyo kufika akisimama kwa miguu ya nyuma. Majembe, kamba, viatu na vikapu vitundikwe hapo kila jioni. Ngozi iwambwe katika miti minne na kutundikwa kivulini, isilazwe chini. Hivyo hukauka vizuri zaidi, na mbwa haifikii. Kuku atamiaye awekwe mahali pa juu penye mlango, kwa kuwa mbwa aliyeonja yai moja hulitafuta la pili.

Usiku, na wakati watu wote wako shambani, mtoto wa mbwa akae katika kibanda au ua mdogo usio na kitu cha kuharibu, wenye kivuli, maji na kitu chake cha kuguguna. Asifungwe kwa kamba shingoni peke yake, maana aweza kujinyonga. Kitu kisichofikiwa hakitafunwi, na kosa lisilotendeka halihitaji adhabu. Kila mara anapofaulu kutafuna kiatu, hujifunza kwamba kiatu ni kitamu; kila siku ipitayo bila kukipata, husahau.

PILI MPE KILICHO CHAKE

Mbwa hawezi kuzuiwa asitafune kabisa. Basi achaguliwe cha kutafuna.

Kitambaa kinene kilichosokotwa na kufungwa mafundo makubwa chafaa sana. Kikilowekwa maji ya baridi, hutuliza fizi zilizovimba. Kikaguliwe kila siku, na kikianza kufumuka nyuzi kitupwe, kwa kuwa nyuzi zilizomezwa hufunga matumbo. Kipande kikubwa cha karoti nacho chafaa, kikubwa kuliko awezavyo kukimeza, apewe mtu akiwa karibu.

Mifupa ina hatari. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku na wa mbuzi, hupasuka vipande vyenye ncha, vikachoma koo na matumbo, usimpe kamwe. Hata mfupa mbichi wa ng'ombe, ukiwa mgumu mno, huvunja meno. Kipimo chepesi ni hiki: kibonye kitu kwa ukucha wa kidole gumba, kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa jino la mtoto wa mbwa.

Gunzi la mahindi nalo lisitupwe uani. Mbwa hulipenda kwa utamu wake, hulikata vipande akameza, na kipande hicho hakisagiki tumboni. Huziba utumbo, na mbwa hufa kwa maumivu ikiwa hakupasuliwa.

Tena usimpe kiatu kikuukuu wala kipande cha ngozi mbovu, ukadhani umefanya busara. Mbwa hajui kikuukuu na kipya. Ukimpa kiatu kibovu leo, umemfundisha kula kiatu kizima kesho.

TATU MFUNZE BILA KUMPIGA

Ukimkuta anatafuna kisicho chake, usimfukuze huku ukipiga kelele, maana ataona ni mchezo, naye atakimbia nacho. Mkaribie polepole, sema neno moja tu, mfano "Acha!", umpe kitu chake badala yake, na akikipokea msifu kwa sauti ya upole. Watu wote wa nyumbani watumie neno lilelile. Baba akisema "Acha!", mama "Toka!", na watoto "Wee!", mbwa hatajifunza neno hata moja.

Kumpiga baada ya kosa hakufai kitu. Mbwa huunganisha adhabu na jambo la dakika ile ile tu. Ukirudi jioni ukakuta mkeka umetafunwa tangu asubuhi, ukampiga, yeye huelewa kwamba bwana wake arudipo jioni hupiga. Basi humwogopa bwana, wala hauogopi mkeka. Mbwa mwenye hofu hutafuna zaidi, na mara nyingine huuma.

Watoto nao wafunzwe. Tuseme babu amemkuta mjukuu wake akivutana kitenge na mtoto wa mbwa, wote wawili wakifurahi.

"Mjukuu wangu, kitenge hicho ni cha nani?"

"Ni cha mama, babu. Lakini tunacheza tu."

"Wewe wajua kuwa ni mchezo. Yeye je? Kesho atakivuta kikiwa kiunoni mwa mama yako. Chukua kile kitambaa chake cha mafundo, mcheze nacho."

Hilo ndilo fundisho lote. Mbwa hafunzwi na bwana wake peke yake, bali na kila mtu achezaye naye.

Mtoto wa mbwa akiuma mkono katika mchezo, usimpige kinywani. Nyamaza, simama, ondoka kwa muda mfupi, kisha urudi. Kwa namna hiyohiyo ndugu zake humfunza: akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Ndiyo sababu mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama na ndugu zake kabla ya majuma 8. Aliyeondolewa mapema hukosa fundisho hilo, na huuma bila kipimo.

Mwisho, apewe kazi ya kiasi chake. Mchukue shambani asubuhi kwa mwendo mfupi, mwache anuse na kucheza, mzoeze kuku na mbuzi akiwa angali mdogo. Mbwa aliyechoka kwa kazi njema hulala. Hana haja ya kuguguna mpini.

VITU VYA KUUA

Baadhi ya vitu havileti hasara ya mali tu, bali huua. Dawa za kuogeshea mifugo, dawa za kupulizia mazao, sumu ya panya, na chupa au mifuko mitupu ya dawa hizo, viwekwe mahali penye kufuli, mbali na mbwa na watoto. Wanaolima tumbaku wajue kwamba majani yake, mabichi na makavu, ni sumu kwa mbwa. Kahawa nayo ni sumu. Muhogo mchungu mbichi, mbegu za mbarika na za mbono kaburi ni hatari kadhalika, na utomvu wa minyaa ya uzio huchoma kinywa na macho.

Ikiwa mbwa amekula sumu, usimlazimishe kutapika wala kumnywesha mafuta. Chukua kibandiko au chupa ya dawa ile, uende mara moja kwa Bwana Mifugo. Ikiwa amemeza kitu kigumu, dalili zake ni kutapika tena na tena, kukataa chakula, tumbo kuwa gumu, na kutopata choo. Ukiona uzi umetokeza nyuma, usiuvute, utakata utumbo.

KUTAFUNA KUSIKO KWA MENO

Sasa twafika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na virusi vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mmoja wa alama zake ni mbwa kuuma na kutafuna vitu visivyo na maana: mawe, vijiti, minyororo, nguzo, hata hewa. Kwa hiyo mwenye mbwa hana budi kutambua tofauti.

Mtoto anayeota meno hula vizuri, hucheza, huja aitwapo, hulala, naye huacha apewapo kitu kingine. Mbwa mwenye kichaa hubadilika ghafula. Aliyekuwa mpole huwa mkali, au aliyekuwa mwoga huwakaribia watu asiowajua. Sauti ya kubweka hukauka. Hukimbia ovyo mbali na kwao. Hutokwa na udenda, hushindwa kumeza, taya hulegea, kisha miguu, na kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kupita tangu dalili kuanza.

Hapa lipo kosa ambalo limewaponza watu wengi. Mkulima huona mbwa wake amekaa kinywa wazi, taya limelegea, mate yanatiririka. Husema, "Ameguguna mfupa, umemkwama." Hutia mkono kinywani apate kuutoa. Hakuna mfupa, taya limepooza kwa kichaa, na mate yale yenye virusi yameingia katika mchubuko wa kidole. Mbwa wa namna hii usimtie mkono kinywani kamwe. Watoto waondoke, mbwa afungiwe peke yake bila kuguswa ikiwa yawezekana, na Bwana Mifugo aitwe upesi.

Wala usidharau jeraha kwa sababu aliyeuma ni mtoto wa mbwa. Kichaa huwapata wadogo na wakubwa sawasawa. Ukiumwa, au ukikwaruzwa, na mbwa huyo ni mgonjwa, hajulikani au hana chanjo, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, usilifunge kwa majani wala udongo, kisha uende hospitali siku ile ile ukachomwe sindano, nawe uzimalize zote kwa tarehe utakazopewa. Mbwa akiwa mzima na aweza kuzuiliwa, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku 10. Lakini usiingoje hesabu hiyo ndipo uende hospitali. Ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Ukizuiwa kabla ya hapo, mtu hupona.

Kinga ipo tangu zamani. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye kijana aliishi. Leo mbwa wenyewe huchanjwa. Ikiwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtoto wa mbwa apelekwe kuchanjwa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kila mwaka, tarehe 28 Septemba ni siku ya kukumbuka ugonjwa huu duniani kote. Mwulize Bwana Mifugo wa kata yako siku ya chanjo kijijini kwako, na umpeleke hata yule ambaye bado anakutafunia viatu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto wa mbwa hutafuna kwa sababu ya umri wake. Vumilia tangu mwezi wa 4 hata wa 7. Baada ya hapo, kidogo kidogo hupungua.
2. Mlishe vya kutosha, na umpe dawa ya minyoo.
3. Tundika vyombo, inua ngozi, funga dawa zote kwa kufuli.
4. Mpe kitu chake cha kuguguna. Usimpe mifupa iliyopikwa, magunzi, wala viatu vikuukuu.
5. Neno moja, sauti ya upole, badala ya fimbo.
6. Usitie mkono katika kinywa cha mbwa anayetokwa na udenda na taya limelegea.
7. Jeraha la meno ya mbwa: sabuni, maji, dakika 15, hospitali siku ile ile.
8. Chanjo kila mwaka.

Mkulima afuataye maneno haya huenda akapoteza mpini mmoja au kiatu kimoja wakati wa kiangazi. Lakini Januari, nyani watakapotokea pembeni mwa mahindi, atakuwa na mbwa mzima, mwenye meno 42, ajuaye ni nani wa kuogopwa na nani wa kutiiwa.